Waya Ndani ya Mbao za Mjomba

Noonkopir, Kitengela

Kwa Mama mpendwa,

Je, mguu umeacha kuvimba? Mvua imefika huko Kitui? Mimi ni mzima, ila kuna jambo linanisumbua, na ndilo hili ninalokuandikia. Tafadhali soma ukiwa peke yako.

Mjomba Musyoka ananitunza vizuri, siwezi kusema uongo. Alinipokea nilipomaliza shule, na ndiye anayenitafutia nafasi ya kujifunza kushona. Siku za kazi yuko stoo ya shamba la maua. Jumamosi yeye na rafiki yake, Mwalimu Lemayian, hutoa randa na misumeno uani na kutengeneza viti na meza. Hawauzi, wanapenda tu. Mimi huwapigia msasa. Kuongea kunanishinda, na mbao haziniulizi maswali.

Sasa Mjomba anatengeneza kiti cha mikono, cha mbao za mukau, mti kama ule wetu wa uani. Ni kizuri, Mama. Mgongo wake ameuchonga ukapinda kama wa mtu aliyechoka.

"Kaa basi tukuone," Mwalimu alimtania.

"Hiki ni cha kuangalia. Wewe kalia ndoo yako."

Nilipomuuliza alikotoa mbao, alisema Machakos. Siku nyingine Mwalimu akamuuliza hivyo hivyo, akasema aliuziwa na mzee mmoja Kajiado, siku ya soko la ng'ombe. Tangu hapo nikaanza kuziangalia mbao zile.

Jumamosi iliyopita msumeno uligonga chuma ndani ya ubao, ukalia hata mbwa akaamka. Mwalimu akacheka: "Musyoka, huu mti wako ulikuwa unakula waya?"

Mjomba hakucheka. Aliutoa kwa koleo, akautupa kwenye vumbi la mbao, akaniambia, "Mumbua, fagia."

Nilifagia. Waya niliufunga kwa leso.

Ni nyuzi mbili, nyeupe na nyeusi, zimesokotwa pamoja. Mama, unakumbuka nani alisokota waya wetu wa kuanikia nguo? Ni mimi na marehemu Baba, nikiwa darasa la tatu. Tuliufunga kutoka nguzo ya jikoni mpaka kwa mukau wetu, na miaka ilivyopita mti ukaumeza. Na mti huo ulikatwa ukaibwa wiki ile uliyolazwa hospitali, sisi tukilala kwa Nyanya. Mjomba alijua hakuna mtu nyumbani. Sisi tukamlaumu jirani yetu, Mzee Kilonzo, kwa sababu ndiye aliye na msumeno mkubwa, na umesema mwisho wa mwezi utampeleka kwa chifu.

Labda nimekosea. Waya ni waya. Naogopa kumsingizia ndugu yako, na chakula chake ndicho ninachokula. Kwa hivyo nimeutia kwenye bahasha. Ncha ile nyingine bado inaning'inia kwa nguzo ya jikoni. Zilinganishe kabla hujaenda kwa chifu. Zisipofanana, nitakuja unichape. Zikifanana, usiandike neno lolote la waya. Hii naipeleka posta mwenyewe, lakini barua zinazokuja Mjomba huzichukua na kuzifungua. Sema tu nguo zimekauka. Nitaelewa, na nitafunga vitu vyangu.

Nisalimie Nyanya. Kyalo ndugu yangu mwambie asiguse madaftari yangu. Na Mzee Kilonzo pia nisalimie. Najua hamsemezani. Msalimie tu.

Binti yako,
Mumbua