Aliyekuja Kugonga Kuta

Alhamisi, jioni. Upepo wa Sumbawanga leo hauna adabu, unapita hadi chini ya mlango. Nimevaa sweta mbili na bado natetemeka, ingawa sidhani kama ni baridi peke yake.

Jumapili naondoka kwenda Dodoma. Uhamisho wa kazi haujadiliwi. Nyumba mbili za kupangisha alizoniachia marehemu mama kule Pito hazihamishiki, kwa hiyo nilihitaji mtu wa kuzisimamia. Ndugu hapana. Binamu yangu hawezi kumwambia mpangaji neno gumu, na mpangaji akimpikia ugali mambo yanaisha hapo hapo. Nikamchagua Shabani, kijana wa familia moja yenye maduka mjini, anayesimamia pia nyumba za shangazi yake. Watu wanamsifu kwamba paa likivuja, fundi anafika kabla ya mvua ya pili.

Jana nikampeleka Pito akazione.

Tulikuwa na haraka, na wahenga walishasema yote kuhusu haraka, ila nani huwasikiliza akiwa na tiketi ya basi mfukoni? Shabani alishuka kwenye pikipiki akaanza kazi. Aligonga kuta kwa kiganja, akachungulia paa, akapima uwanja wa nyuma, wenye matuta ya viazi, kwa hatua zake. Mimi nikawa namfuata nikimwonyesha mipaka, moyoni nafurahi kwamba nimepata mtu anayejua kazi. Bibi Anjela, mpangaji wetu wa tangu enzi za mama, alitutolea vigoda viwili. Nikamwambia tutakaa siku nyingine.

Hatukukaa. Wala sikumtaja Shabani kwa jina.

Leo mchana Bibi Anjela kaja kwangu na beseni la viazi mviringo. Vidogo mno, vingine kama goroli. Nikamwamkia, akaitikia, akaweka beseni chini.

"Nimevichimba mapema, mwanangu. Yule bwana akianza kuchimba msingi wake vitapotea bure. Sasa utuambie tu, tunatakiwa kutoka lini?"

Kumbe Pito nzima inajua nimeuza! Na wangejuaje vinginevyo? Huku kwetu mtu hagongi ukuta asiotaka kuununua. Mgeni wa heri hukaribishwa, huketi, husema katoka wapi na kaja kwa lipi. Anayezunguka nyumba amesimama, asiye na jina, huyo ni mnunuzi. Mama hakuwahi kumwonyesha mtu hata mlango kabla hajaketi. Nimekulia hapo hapo, na bado nikasahau.

Nikamweleza yote. Huyu ni msimamizi, bibi, mimi siuzi kitu. Akaitikia, "Haya, mwanangu," kwa upole ule wa mtu ambaye hajaamini hata neno moja. Ameshaongea na mtoto wa kaka yake huko Mpui amtafutie chumba.

Naogopa. Wacha niliandike hivyo hivyo. Bibi Anjela ndiye aliyemwogesha mama alipokuwa hawezi kuinuka. Mimi nilikuwa nafika jioni kutoka kazini, nakuta kila kitu kimeshafanyika, mama kavaa gauni safi. Akihama kwa sababu yangu, nikirudi likizo nitashukia kwa nani pale Pito? Kwa kuta?

Nikampigia Shabani, nikijua atacheka. Hakucheka.

"Dada, kwetu dukani ukiingia hujatoa salamu, mzee anakurudisha nje uingie upya. Jana sijui nilipatwa na nini. Kesho twende tena, nimwamkie, tukae."

Hapo nilipumua kidogo. Mtu anayeona aibu anaweza kuachiwa nyumba, nadhani. Lakini mimi nimemwajiri ndani ya siku moja tu, na bibi anamjua kwa kugonga kuta tu.

Sikuweza kusubiri kesho. Jua lilipokuwa linateremka nilipita Pito, nikazungukia nyuma ya nyumba kimya kimya kama mwizi wa kuku. Udongo wote umegeuzwa, majani ya viazi yamelala yananyauka. Nilisimama pale upepo ukinipiga, nikajisikia vibaya kuliko siku niliyopokea barua ya uhamisho.

Kisha nikaona kule mwisho, karibu na ua. Tuta moja ameliacha.

Halijaguswa. Majani yake bado mabichi, na limepaliliwa vizuri.

Labda alichoka tu, mgongo wake si wa kuchimba shamba zima. Au labda ile "haya, mwanangu" ilikuwa na imani kidogo ndani yake, ya kutosha tuta moja. Sijui. Asubuhi nitakwenda na Shabani, na safari hii sitafungua mdomo mpaka vigoda vitoke.

Atavitoa?