Wale Wachezaji Hawakanyagi Chini

Mjukuu wangu Neema,

Nakusalimu huko Buffalo. Sisi wa Louisville tuko wazima. Bibi yako, dada yangu, amefika Columbus juzi tu na tayari anaamuru kwaya nzima.

Unauliza kama uache ile polo ya majini, huo mpira wa kurushiana mkiogelea, kwa sababu wenzako wanakuvuta chini ya maji. Bon, haya, umeuliza mwenyewe! Nilipofika Amerika nilipiga deki kwenye jengo la bwawa la kuogelea. Kocha pale alikuwa Eleni, Mgiriki aliyechezea timu ya taifa lake miaka mingi hadi akapata medali. Nikajigamba kwake, "Dada, mimi nilivuka Ziwa Kivu kwa kuogelea nimebeba mbuzi."

"Basi njoo ulinde goli."

Nikaruka kwa kishindo. Miguu ikatafuta sakafu, hakuna! Neema, nilidhani wale wasichana wa timu yake wamesimama! Kumbe wanapiga miguu tu muda wote, huku wanarushiana mpira na kucheka. Eleni akanishika shati, akaniinua kama paka.

"Na yule mbuzi alifika?"

Nikatema maji, nikamuuliza yeye alizoeaje. Akasema msimu wa kwanza alikuwa analia mchezoni, maana mle hakuna anayeona machozi. Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka kuzama. Mwanamke mwenye medali!

Donc, kwa hiyo, sikuambii uache wala ubaki. Ukilia, lilia mle mle majini. Siku utakapojikuta unalia na mpira bado uko mkononi mwako, nipigie simu. Nitakuja na bibi yako tupige kelele za kukushangilia.

Babu yako mdogo,
Safari