Sura ya Mwisho ya Mwavita

Buyenzi, Bujumbura
14 Mei 2024

Mwanangu Orlane,

Nakusalimu wewe, na Tantine Jovithe anayekutunza, na wote wa hapo Gitega. Kifua kinaendeleaje? Miguu bado inavimba ikifika jioni? Na baridi ya huko, wanakufunika vizuri? Mwili wangu mimi ni mzima. Arobaini ya Khadidja wangu ilisomwa wiki iliyopita. Watu walikuja, wali ukatosha, wakaondoka.

Nimerudi kazini, kule sekretaria ya Rohero, kwenye mashine yangu ya fotokopi. Kitabu cha sita cha hadithi za Mwavita kimefika kutoka Kigoma, mkononi mwa yule mama wa vitenge. Nimekitoa kopi kabla ya kumrudishia, kama tulivyozoea, na mkono wangu ukabonyeza mbili, yako na ya Khadidja, kama ulivyozoea. Mashine ilikuwa imeshaanza kutema karatasi nilipoelewa. Sikuisimamisha. Nimezifunga zote mbili kwa spirali. Moja ni hii hapa. Nyingine iko mezani kwangu, na kwa kuwa sikujua niifanyeje, nimeanza kuvisoma vitabu vyote, kuanzia cha kwanza.

Hivi vitabu nilivitoa kopi miaka yote nikiangalia wino tu. Pale hospitali, mlipokuwa vitanda jirani wewe na Khadidja, nilikuwa nawasikia: wewe unasoma, pumzi ikikuishia yeye anapokea, naye ikimwishia anakurudishia. Nilijua ni msichana anayepeleka dawa milimani kwa baiskeli, basi. Kumbe ana mdomo! Anamwambia chifu, "Mzee, shuka kwenye hicho kiti, kuna mgonjwa anakihitaji." Nilicheka peke yangu, halafu nikaona aibu kucheka.

Soma polepole. Usijichoshe.

Mama yako,
Mama Khadidja


Gitega
2 Juni 2024

Mama Khadidja mpendwa,

Pokea salamu zangu zenye joto, maana hapa joto lenyewe hakuna. Umeamkaje? Unakula? Usinijibu kwamba unakula kama huli.

Kitabu nimekimaliza. Nilitaka kukisoma kidogo kidogo wiki nzima nikashindwa. Mwavita kuvuka daraja la kamba na baiskeli kichwani! Nilisoma kwa sauti, na nilipochoka nikanyamaza, nikasubiri mtu apokee. Hakuna aliyepokea. Nikaendelea kimoyomoyo.

Wazazi wangu bado wamepanga chumba kimoja Kinindo, tangu ziwa lilipoingia nyumba yetu ya Kibenga. Ndiyo maana bado niko huku kwa Tantine. Silali tena bila kuegemea. Binamu yangu Régis ananiita malkia. "We Orlane, mito yote ya nyumba iko kwako, sisi tulalie matofali?" Nikamwambia alalie kichwa chake, hakina kitu ndani, ni laini. Tantine akacheka, kisha akatoka haraka.

Mama, nataka kukuuliza jambo. Siku ile ulipopiga simu, Tantine aliniambia, "Khadidja amepumzika." Tulikuwa na ugonjwa mmoja, vali zilezile za moyo. Wote mnaniambia napata nafuu, na kwamba zamu yangu ya kupelekwa nje kupasuliwa iko karibu. Khadidja naye mlimwambia iko karibu. Alikufaje? Aliogopa? Nataka kujua kinachonijia, na wewe ulikuwa pale.

Na cha saba kikifika, usikae nacho.

Binti yako,
Orlane


Buyenzi
20 Julai 2024

Mwanangu Orlane,

Salamu nyingi, na samahani kwa kuchelewa. Nimesikia kutoka kwa Tantine kwamba ulilazwa tena na ukatoka. Alhamdulillahi. Dawa unazimeza zote? Hata ile kubwa chungu? Mimi sijambo, ila magoti yananisumbua kidogo.

Kazi ilikuwa nyingi huku. Ni msimu wa mitihani na kila mtu anataka kopi. Nyumba iko kimya. Juzi nilikuta chini ya kabati kopo la mafuta ya nazi la Khadidja, alama ya kidole chake bado imo. Nimelirudisha palepale.

Kitabu cha saba ndicho hiki. Nimeambiwa ni cha mwisho, mwandishi hataandika kingine. Mwisho wake ni mzuri. Utaupenda.

Lile uliloniuliza tutaliongea ukipona, tukikaa pamoja. Kwa sasa usijaze kichwa mawazo. Pumzika, kula, utapata nguvu.

Mama yako,
Mama Khadidja


Gitega
4 Agosti 2024

Mama Khadidja,

Nakusalimu. Natumaini u mzima. Mimi siwezi kuandika kwamba ni mzima, kwa hiyo hapo nitaruka.

Nimesoma cha saba mpaka mwisho, kisha nikaisoma tena sura ya mwisho. Mama, sura hii nani ameandika?

Mwavita wa vitabu sita hajawahi kumwomba mtu ruhusa, hata ya kuketi. Humu kila akifungua mdomo ni "Mama, naomba." Anakula sehemu laini ya mkate kwanza, ganda analichovya kwenye chai. Anafunga mtandio upande mmoja ili ufunike sikio lenye kovu la hereni. Huyo namjua. Nililala karibu naye msimu mzima wa mvua. Na baiskeli iko wapi? Anapata homa kule kijijini, anapona, anakwenda sokoni na mama yake kwa miguu, wanacheka, mwisho. Mwavita akifumbua macho angeulizia baiskeli kabla ya kuomba maji!

Mwanzoni sikukasirika. Nilifurahi kumwona. Nilimtazama akichovya mkate wake nikamwambia, "We Khadidja, umeingiaje humu?" Hasira ilikuja baadaye.

Hapa wote wananipikia sura za namna hii. Daktari anaongea na Tantine nje ya mlango, halafu wanaingia na meno yote nje. Nikiuliza, naambiwa, "Kunywa uji." Nilidhani wewe utakuwa tofauti, maana wewe yalishakufika.

Mwavita anakufa, si ndiyo? Nitumie kurasa zenyewe. Na unijibu nililouliza mwezi wa sita. Kama huwezi, basi usiniandikie tena, nami sitakulaumu.

Orlane


Buyenzi
11 Agosti 2024

Orlane mwanangu,

Salamu. Sitakuuliza habari za afya leo. Nimempigia Tantine kabla ya kukaa kuandika, na safari hii nilimwuliza kama mtu anayetaka jibu.

Ni mimi. Niliandika saa za chakula, kwenye kompyuta ya kazini, bosi wangu Léonce akidhani ni CV ya mteja. Nilitafuta herufi zinazofanana na za kitabu, nikapunguza wino zionekane zimechakaa. Hiyo ndiyo kazi yangu, naiweza. Baiskeli niliisahau. Khadidja hakuwa na baiskeli.

Kurasa zenyewe hizi hapa. Mwavita anakufa. Nilipofika hapo nilifunga kitabu, nikasema huyu mtoto wa pili simpeleki kaburini kwa mkono wangu.

Sasa la Khadidja.

Ilikuwa Alhamisi, mchana, baada ya adhuhuri. Asubuhi jirani yetu Danielle alikuja kumsuka. Khadidja akampigia kelele, "Danielle, unavuta kichwa kama unang'oa muhogo! Mi ni mutu!" Danielle akamjibu, "Nyamaza we, bibi harusi analia mbele ya wageni?" Walicheka wote wawili. Alisukwa upande mmoja, akachoka, akasema upande wa pili utasubiri.

Halafu pumzi ikawa fupi. Hakuweza kulala wala kuegemea, alitaka kukaa wima kabisa. Midomo ikabadilika rangi. Danielle alikimbia kutafuta gari. Uliniuliza kama aliogopa. Ndiyo. Alinishika mkono mpaka kucha zikaingia, akasema, "Mama, hewa haiko." Nilifungua dirisha na mlango, nikampepea kwa mfuniko wa sufuria. Ulikuwa wakati mbaya, na siwezi kuupaka rangi nyingine. Haukuwa mrefu, lakini ukiwa ndani yake hujui kama ni mfupi.

Kisha nguvu za kuogopa zikamwishia, kama mtoto anavyochoka kulia. Alinilalia begani. Nje mafundi walikuwa wanagonga mabati, na nadhani alikuwa anawasikiliza, maana macho yalifuata mlio. Halafu hakuwa anasikiliza tena. Gari lilipofika tulikuwa hatulihitaji.

Hakusema maneno ya mwisho. Ya mwisho aliyosema ni yale ya hewa. Waliomwosha walifumua upande uliosukwa, wakamsuka upya mafungu matatu, kama inavyotakiwa kwa mwanamke. Kesho yake asubuhi wanaume wakamchukua.

Msibani kila aliyeingia aliniambia, "Amelala kama malaika," nami nikaitikia. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza ilikuwaje.

Mama yako, kama bado unanitaka,
Mama Khadidja


Gitega
25 Agosti 2024

Mama yangu Mama Khadidja,

Salamu kutoka kitandani. Naandika kidogo kidogo, kwa hiyo ukiona mwandiko umebadilika, ni mimi yuleyule.

Nimezisoma, sura na barua. Ukweli usemwe, mwandishi wa Mwavita ana haraka. Anamuua katika mistari michache halafu anatuhadithia mvua. Barua yako ni nzuri kuliko sura yake. Nimeisoma nikilia, na nilipomaliza nikalala usingizi mzuri, sijui kwa nini. Niliona kama chumba nilichokuwa nakiogopa kimewashwa taa. Si chumba kizuri. Lakini sasa najua kitanda kiko wapi na mlango uko wapi.

Nilimwambia Tantine, "Mi najua." Akasema, "Unajua nini?" Nikasema, "Sipelekwi nje tena." Akaniuliza nani ameniambia upuuzi huo, nikakutaja: barua yako haikuniuliza afya, nikaelewa. Alizitupa karatasi zako uani. Baadaye alienda kuziokota mwenyewe, akarudi, akakaa kwenye mkeka, akaniambia yote. Moyo umechoka sana, wapasuaji wamekataa. Wamelijua hilo tangu mwezi wa tano. Maskini Tantine, alikuwa amebeba hilo peke yake pamoja na ndoo za maji.

Amekukasirikia sana. Msamehe.

Nimeomba nishushwe Bujumbura. Sitaki kuendelea kupata nafuu hapa, nataka kuwa na mama na baba, hata kama ni chumba kimoja na baba anakoroma. Wamekubali. Uje Kinindo. Usilete kitabu. Uje tu ukae, na nikikuuliza kitu unijibu.

Binti yako,
Orlane


Buyenzi
19 Oktoba 2024

Mdogo wangu Jovithe,

Nakusalimu kwa heshima. Watoto hawajambo? Régis vipi? Nilimwona makaburini amesimama mbali na wenzake. Mwambie nimemuulizia.

Najua ulishuka kumzika Orlane na ukapanda basi bila kunipa mkono. Sikukulaumu. Jana uliponipigia ulisema, "Mama Khadidja, nakuomba jambo moja tu. Niambie alilala." Nikakata simu. Haikuwa dharau. Nilijua nikifungua mdomo wakati ule nitasema ndiyo, alilala.

Hakulala, Jovithe. Nitakuandikia ilivyokuwa, na ukitaka usisome zaidi ya hapa.

Nilikuwa nakwenda Kinindo kila nikitoka kazini, na Jumapili mchana kutwa. Tulikuwa tunaongea, au anasinzia na mimi natazama. Alinichokoza sana. Akimwona mgeni ananiambia, "Mama, huyu naye amekuja na malaika wake." Baba yake, Bonfils, alikuwa anatoka nje kucheka, na huko nje analia.

Jumapili ile ya mwisho alikula kijiko kimoja cha uji wa mtama, akasema hauna sukari. Ulikuwa nayo. Baada ya hapo pumzi ikaanza kukatika, sawasawa na ile ya Khadidja, na mimi nikaijua. Na aliogopa. Nilikuwa nimejidanganya kwamba akijua hataogopa. Kujua hakukumwondolea woga hata kidogo, na katika hilo ulikuwa umeona mbele kuliko mimi. Aliniangalia usoni. Nilijua anachotafuta, nami sikugeuza uso, ingawa nilitamani.

Akaniuliza, "Ndiyo yenyewe?"

Nikamwambia, "Ndiyo, mwanangu."

Akasema, "Basi mwite mama."

Mama yake alikuwa nyuma ya nyumba anaosha vyombo. Alikuja na mikono yenye sabuni, akapanda kitandani, akamkumbatia kwa nyuma, na Orlane alifia pale, mgongo wake kwenye kifua cha mama yake. Kama ningemjibu hapana, bado unapata nafuu, yule mama angeendelea kuosha vyombo.

Dada yako,
Mama Khadidja