Geuza Kwanza

Bregenz, 16 Januari

Baba,

Shikamoo. Natumai goti halikusumbui na baridi hii. Mimi nipo, nakula kwa kulazimishwa na jirani.

Baba, hukuja mazishini. Nimemzika mume wangu huku kijiji kizima kikiangalia pengo ubavuni mwangu. Mama mkwe kaniuliza, "Baba yako Gebhard anaumwa?" Nikasema mafua. Uongo, tena kanisani, kwa ajili yako! Severin alikuita baba kabla hata hajanioa. Mlipanda mlima Rossberg pamoja, ukarudi wewe. Vijana wa uokoaji kila mmoja ananiambia nikuulize wewe. Basi nakuuliza: kwa nini mlichelewa vile kumpata, na theluji iliyomfukia haikufika hata kiunoni?

Mwanao,
Burgi

Montafon, 2 Februari

Binti yangu Burgi,

Marahaba. Goti liko vilevile. Ng'ombe mwekundu kazaa.

Theluji ya mwaka huu ni mbaya. Ile ya Novemba imebaki chini, imekuwa chembechembe kama sukari, haishiki. Juu yake upepo umelaza tabaka gumu. Ukikanyaga, mlima unaguna, dalili kwamba theluji inataka kuporomoka. Siku ile uliguna mara moja tu, kwa mbali. Tukaona alama za mbao za skii za jana yake, tukasema kama wenzetu wamepita, nasi tutapita. Upande wa jua sasa umeporomoka wote.

Vaa soksi za sufu.

Baba yako

Bregenz, 5 Februari

Baba,

Shikamoo, na leo sikuulizi goti.

Nimekuuliza habari za mume wangu, umeniletea za theluji na ng'ombe. Ama kweli! Kama hutaki kusema, sema hutaki, nijue na baba sina.

Burgi

Montafon, 1 Machi

Burgi,

Sijui kama bado nina haki ya kukuita mwanangu. Barua hii nimeiandika na kuitia motoni mara nyingi.

Unajua ninachowaimbia vijana wa uokoaji kila mwaka mazoezini: mwenzako akifukiwa, kidude chako cha redio cha kifuani kigeuze kwanza, kiache kutuma ishara, kianze kusikiliza. La sivyo wanaomtafuta watakufuata wewe.

Niliona glavu ya Severin juu ya theluji. Nikaanza kuchimba pale kwa mikono kama mwendawazimu. Ilikuwa glavu tupu. Vijana walipofika wakaifuata ishara, wakanikuta mimi. Wakaanza upya, wakanikuta mimi. Changu kilikuwa bado kinatuma. Mimi, niliyewafundisha wote! Ambros, kiongozi wao, ndiye aliyenifungua koti akakizima. Severin walipomtoa alikuwa bado ana joto.

Nikienda dukani wananisalimu kwa upole. Afadhali wangenitemea mate. Mazoezi ya mwaka huu yamekwama kwa sababu yangu. Nimewaambia watafute mwalimu mwingine. Mazishini nilifika hadi ukuta wa makaburi, nikageuka nikarudi kujificha zizini. Naona haya, Burgi. Naona haya hata mbele ya ng'ombe.

Gebhard

Bregenz, 6 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimelia, nikavunja lile bakuli ulilotuzawadia siku ya harusi, kisha nikalililia bakuli. Nina hasira na wewe, na haitaisha hata Pasaka ikifika. Usiniombe msamaha sasa, sina wa kukupa.

Lakini kujificha zizini, hapana. Nimempigia Ambros. Mazoezi ni Jumamosi na mwalimu ni wewe. Utaanza kwa kuwaeleza ulichosahau, kwa mdomo wako, mama mkwe wangu akiwa amesimama pale anasikia. Wale vijana wamekubebea siri vya kutosha.

Unakumbuka kila mwaka mazoezini ni Severin aliyelala shimoni mkamfukia ili wajifunze kumtafuta, na kichupa chake cha pombe ya matunda? Mkimtoa anawacheka: "Mmechelewa, nimeshamaliza!" Mwaka huu nitalala mimi. Ambros kabisha, nikamwambia anyamaze.

Wengine wote watakaa kando, utanitafuta peke yako. Geuza kwanza, Baba. Kisha njoo unitoe.

Mwanao,
Burgi