Punje Amekwama Kuzaa

Shoga, naandika haraka, nisamehe nikikosea herufi. Niko kwa daktari wa mifugo. Punje amekwama kuzaa.

Ndiyo, Punje wangu, kijibwa changu kinachoenea kwenye mkoba. Uchungu ulimwanza asubuhi, mpaka saa saba mchana hakuna kitoto. Ulimi ukaanza kupauka. Nikambeba, nikakimbia na kandambili zangu.

Daktari kampapasa tumbo, kaniuliza, "Dume alikuwa na ukubwa gani?"

Nami kwa fahari, mjinga mimi, "Mdogo kuliko yeye! Nilimtafuta makusudi, nipate watoto wadogo zaidi."

Kampima nyonga kwa vidole. Halafu, "Dada, nyonga yake ni nyembamba mno. Hawa wakifanywa wadogo, mwili hupungua ila kichwa hubaki kikubwa; cha mtoto hakipiti. Tunampasua sasa hivi."

Makusudi! Nilitamka makusudi, shoga, mbele ya watu wote pale.

Na dada yangu alinionya kuwa Punje ni mdogo mno kuzaa, nikamwambia ana wivu.

Wametolewa wawili. Mmoja alishakufa. Wa pili anahema, lakini daktari kakiweka kidole changu utosini mwake. Laini! Mfupa haujaungana. "Huyu akianguka kutoka kwenye kochi tu, anaweza kufa." Nikaondoa kidole kama niliyegusa moto.

Kauliza tena, "Kabla sijamshona mama yake, nitoe na kizazi?" Nikajibu papo hapo. "Toa, daktari. Toa."

Subiri, wananiita.

Shoga, Punje ameamka. Hawezi kuinua kichwa, lakini kaninusa, kisha kanilamba mkono. Mimi niliyemtafutia dume lile, ndimi anayenilamba.