Kiti cha Mgeni

Nyakasanza, Bunia, tarehe 14 Aprili

Kwa Yaya Liévin, kaka yangu mpendwa,

Bwana asifiwe. Mimi mdogo wako Arielle nakusalimu sana, nikiomba karatasi hii ikukute mzima, na lile jino lililokutesa tangu Noeli liwe limekwisha kung'olewa. Shemeji anaendeleaje? Na mtoto ameanza kusimama? Mvua za Kisangani zimewaachia nafasi ya kukausha nguo? Siye huku tungali tunapumua. Mama anakohoa asubuhi, lakini sokoni anakwenda. Papa ni yule yule: anakaa mlangoni na kutaja majina ya ng'ombe aliowaacha kule kwetu Fataki, mmoja baada ya mwingine, kama vile watamwitikia.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu wakati simu ipo. Kwa simu nisingeweza. Ungenitania kidogo, ningecheka, na maneno yangerudi tumboni. Kwa hiyo barua hii nampa Priscille, binti wa jirani anayekuja huko masomoni. Tafadhali soma ukiwa peke yako.

Umeniuliza mara tatu mashindano ya Seul yalikwendaje, na mara tatu nimekujibu kwamba nilishindwa na kwamba kule ni baridi. Yote mawili ni kweli. Lakini hayo si habari.

Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha mchezo ule wa vikosi wa kompyuta, ulipofungua chumba cha michezo pamoja na Papa Adolphe, mkubwa wa klabu yetu, mkiwa na mashine mbili tu na betri ya sola. Na wewe ndiye uliyetueleza kwamba Wakorea wanauongoza kiasi kwamba mashindano ya dunia yangekuwa ya kwao peke yao, kama wenye mashindano wasingeacha viti vinne kati ya ishirini na vinne kwa watu wa nje. Nakumbuka ulivyobishana na mwenzetu Willy. Yeye alisema kiti cha kupewa si kiti. Wewe ukamjibu kwamba wenzetu wana shule za mchezo, wana walimu, wanalala na kuamka vidole vikiwa juu ya vitufe vya clavier, na siye umeme unatuacha katikati ya vita, basi anayejifunza katika hali hii na bado akawa wa kwanza kwao anastahili kuonekana. Chumba kizima kilikupigia makofi. Hata rafiki yangu Ornella, asiyependa kelele, alipiga.

Mwaka jana, kiti kimoja kati ya vile vinne kilipoletwa upande wetu wa Afrika, ilikuwa kazi ya klabu kukipigania. Tuliwatoa Goma, tukawatoa Kigali, na mwisho tukawatoa Kampala. Nasema tuliwatoa, lakini unajua ni nani aliyewatoa. Mimi na Willy tulishinda hapa na pale. Ornella hakushindwa hata mara moja. Kisha ikabidi klabu ichague mtu mmoja wa kusafiri, na Papa Adolphe akasema tupambane wenyewe kwa wenyewe mbele ya wote. Ornella alimfunga Willy. Kisha akanifunga mimi, tatu kwa moja, na ile moja nadhani aliniachia kwa sababu Mama alikuwa amekuja kuangalia. Nilimkumbatia. Nilicheka mpaka mashavu yakauma.

Siku nne baadaye Papa Adolphe alikuta karatasi chini ya mlango, imepigwa kwa mashine, haina jina la mtu. Mwishoni iliandikwa tu: Watoto wa Hapa. Iliuliza inawezekanaje kiti kilichoachwa kwa ajili ya wageni kikachukuliwa na mtu ambaye hata kwetu ni mgeni. Ilisema baba yake Ornella ni mtu wa Butembo, mkoa mwingine, kadi ya Ornella nayo inasema asili yake Butembo, na Bunia ina watoto wake. Ilisema komite ikinyamaza, vijana hawatanyamaza.

Komite ilikaa alasiri nzima. Fomu ya kutoka Seul ilidai cheti cha mji wa asili wa mchezaji, na hapo ndipo waliponing'inia. Papa Adolphe aliniambia baadaye, huku akikwepa macho yangu, kwamba yeye alijua Ornella alizaliwa hapa hapa Bunia, lakini maneno kama yale katika mji huu hayachukui muda kuwa moto, na hakutaka watu waumie kwa ajili ya mchezo. Basi kiti akapewa wa pili. Wa pili nilikuwa mimi, niliyezaliwa Fataki.

Wewe ulipopata habari ulipiga simu kwa hasira. Ulisema karatasi ile ni ya Willy, kwa sababu ndiye aliyezoea kumtania Ornella arudi kwao Butembo kuuza vitunguu. Neno lako bado lina uzito hapa. Willy aliapa kwa jina la marehemu dada yake, alilia mbele ya watu, lakini komite ilimfungia mlango. Wenzake hawamsalimii. Sasa yuko Kasenyi, kule ziwani, anabeba mafuta ya samaki na magunia ya dagaa kutoka kwenye mitumbwi ya Uganda, na mama yake akipita mbele ya chumba cha michezo anageuza uso upande wa pili.

Ornella hakugombana na mtu. Wiki ile alikuja nyumbani na daftari lake, lile ambalo ameandika jinsi kila Mkorea mkubwa anavyoanza mchezo, akanifundisha ukurasa kwa ukurasa. Aliniletea na koti la sufu la Mama Bernadette, mama yake, akisema kule nitakufa kwa baridi. Nilivaa koti lile siku kumi.

Yaya, Seul siwezi kukusimulia yote. Ukumbi wa mashindano ni mkubwa kuliko kanisa letu, na vidole vya wale watu vinalia kwenye clavier kama mvua juu ya mabati. Walinipa mkalimani, kijana wa Bukavu anayesoma huko, jina lake Ephraïm, na walinipa Mkorea wa kunifanyisha mazoezi, anayeitwa Tae-gyu. Mwembamba, mpole, ana miaka kama yangu. Asubuhi ya kwanza alinifunga mara tisa, na kila mara alinionyesha kwa kidole mahali nilipokosea.

Siku ya tatu Ephraïm aliniambia Tae-gyu ni nani. Alikuwa namba ishirini na moja katika orodha yao. Viti vya Wakorea vilikuwa ishirini. Kama kusingekuwa na viti vya wageni, angeketi. Na mwezi uliofuata alikuwa anaingia jeshini, kama vijana wote wa kwao, na wanaotoka jeshini, vidole vyao huwa vimekwisha kuwa vizito. Huo ulikuwa mwaka wake wa mwisho, na aliutumia kunifundisha mimi.

Nilimwambia Ephraïm amwombe samahani kwa niaba yangu. Tae-gyu alisikiliza, akafikiri, akajibu taratibu. Ephraïm alinitafsiria kwa Kiswahili chetu: "Anasema alikasirika sana mwanzo. Lakini baba yake alimuliza, huyu binti anatoka mahali umeme haiko, akakuwa wa kwanza kwabo, weye ungeweza? Akaona hangeweza. Sasa iko anauliza kitu kimoja tu. Ni kweli weye ndiye ulishinda bantu bote kwenu?"

Alikuwa ananiangalia usoni. Hakukuwa na dharau, alitaka tu kujua kiti chake kimekwenda kwa nani.

Nikasema ndiyo.

Ephraïm akatafsiri. Tae-gyu akainamisha kichwa, wanavyofanya wao wakimheshimu mtu, akanifungulia mchezo mwingine.

Kesho yake nilicheza michezo miwili. Wa kwanza ulidumu dakika kumi na moja, wa pili dakika nane. Mikono yangu ilikuwa ya mtu mwingine. Watu walinipigia makofi mengi, ya huruma, na sijawahi kusikia sauti iliyoniumiza kama ile. Wageni wengine watatu nao hawakufika mbali, lakini wao walipigana. Nilipogeuka, Tae-gyu alikuwa amesimama nyuma ya kamba, mikono mfukoni. Hakuja kuniaga, na sikumtafuta.

Niliporudi, Ornella alinipokea kwa furaha, akataka nimweleze kila hatua ya yule aliyenifunga, akaandika katika daftari. Alikuwa anajiandaa kwa mwaka huu. Alisema safari hii atakwenda na cheti cha kuzaliwa mkononi, komite ipende isipende. Mwezi uliopita tangazo likatoka: viti vya wageni vimepunguzwa kutoka vinne hadi viwili, na cha upande wetu kimeondolewa. Wamesema kiwango kilichoonyeshwa hakitoshi. Kiwango hicho ni mimi, Yaya. Ni zile dakika kumi na tisa.

Sasa nifike pale ninapokwepa kufika.

Willy hakuandika ile karatasi. Niliiandika mimi. Niliipiga kwenye kompyuta ya nne ya chumba cha michezo, saa saba mchana, watu walipokuwa wamekwenda kula, nikaisukuma chini ya mlango wa Papa Adolphe ikiwa bado ina joto la printa. Yale maneno ya vijana hawatanyamaza niliyabuni mwenyewe, hakuna kijana niliyemuuliza. Niliweka Watoto wa Hapa kwa sababu nilijua maneno hayo yatawatisha. Na uliponitajia Willy kwenye simu ningeweza kusema neno moja. Nilisema tu, labda.

Usinitafutie sababu. Najua utaanza kusema mimi ni mdogo, nilikuwa na tamaa ya kuona dunia. Mimi nilikuwepo siku ile tulipofika kutoka Fataki tukikimbia vita, na godoro moja na Papa hasemi. Nilikuwa na miaka saba, nakumbuka. Familia nyingi zilifunga milango, na aliyefungua ni Mama Bernadette, akampeleka Ornella alale chini ili mimi na wewe tupate kitanda. Hakutuuliza mji wetu wa asili. Haya yote nilikuwa nayo kichwani nilipokuwa napiga herufi, na sikuacha kupiga.

Alhamisi iliyopita nilikwenda kumwambia Ornella. Alikuwa uani anachambua maharagwe. Nilisema yote nikiwa nimesimama, kwa sababu niliogopa nikikaa nitaanza kulia na yeye atanibembeleza, ndivyo alivyo. Aliendelea kuchambua. Kisha akasema, bila kupandisha sauti: "Miye nilijua nitakuwa mugeni kule Korea, nikajitayarisha. Hapa sikujua kama niko mugeni."

Nilimwambia si mgeni. Akaniuliza nani basi alimwita mgeni, kama si miye. Alichukua beseni lake akaingia ndani. Mama Bernadette, ambaye hajui kitu, alisikia ninaondoka akaita kutoka jikoni: "Arielle, unaenda bila kula?" Nikatoka nikikimbia.

Tangu siku hiyo Ornella hajafika kwenye chumba cha michezo. Daftari alimpa Papa Adolphe, akamwambia wagawane kurasa wanaotaka.

Jumamosi komite inakaa, nimeomba kusema. Najua watanifukuza, na ni haki yao. Kabla ya hapo nitashuka Kasenyi kumtafuta Willy. Sijui nitamwambiaje, wala kama atanipa nafasi ya kumaliza. Wewe nakuomba jambo moja: mpigie mama yake. Neno lililomtoa mwanae lilikuwa lako, nami nililiacha lipite, basi na la kumrudisha liwe lako. Papa Adolphe naye usimchukie zaidi. Aliogopa kitu ambacho mimi nilimtengenezea.

Mama na Papa hawajui. Nitawaambia mwenyewe, sitaki walisikie barabarani. Ukitaka kunikaripia, andika, usipige simu. Nataka niwe na maneno yako kwenye karatasi, niyasome tena kila nitakapoanza kujihurumia. Na ukiamua kukaa kimya kwa muda, nitaelewa pia.

Mfikishie shemeji salamu zangu nyingi, na mtoto mshike miguu yote miwili kwa niaba ya shangazi yake. Shemeji aliniandikia kwamba mmebandika sebuleni picha yangu niliyopigwa nimeketi kwenye kile kiti cha Seul, na kwamba wageni wakija unawaonyesha. Yaya, nakuomba, leo hii ukimaliza kusoma, ibandue.

Mungu awalinde wote.

Mdogo wako,
Arielle