Kikopo mbele ya Baraza

Kasongo, mwezi wa tano 1954

Ndugu yangu mudogo Hemedi, kule Kabambare,

Salamu nyingi kwako na kwa nyumba yako yote. Habari ya mugongo wako, habari ya mpunga? Mimi niko muzima. Meno imebaki sita, na kila moja inafanya kazi ya watu tatu. Kalamu anaishika Mwalimu Kassimu, mimi naleta kinywa tu. Nimemuambia asirekebishe kitu, hata pale nitapata haya.

Mujukuu wako Waridi iko lopitali, leo siku ya tano. Iko hai, na mimba ingalipo. Sikia hiyo kwanza.

Ulipomuleta azalie karibu na munganga, ukaniomba nimuchunge, nilijisifu kwamba nimechunga musafara wa watu mia tatu kutoka Nyangwe, mwanamuke mumoja wa mimba ni nini. Walikuwa arobaini, Hemedi, na wawili walipotea.

Unajua kwangu njia ya choo inapita mbele ya baraza, na wazee wanakaa pale kunisikiliza. Waridi alikuwa anapita na kikopo chake cha maji, anarudi, anapita tena, kila mara kwa ajili ya mukojo kidogo tu. Nami, kwa kuwa mujukuu ni wa kutaniwa, nikawaambia wazee wasogeze viti, muto Lualaba unajaa. Wakacheka mupaka machozi. Kesho yake nikarudia. Siku ya tatu wao wenyewe waliniomba.

Basi akaacha kupita. Nikazani amepona. Kumbe aliacha kunywa maji, na mukojo aliuzuia mupaka wazee waende kusali magaribi.

Kisha akasema mugongo unamuuma, upande moja, hapa chini ya mbavu. Nikamuambia huo ni uvivu wa shamba. Homa ikapanda, akatetemeka kwa baridi naye iko kwenye jua, akatapika. Hapo ndiyo tulimubeba mabegani kwa kipoyi mupaka lopitali.

Mufirmié Placide, musaidizi wa munganga, akamupa kinini ya malaria siku mbili, homa ikakataa kushuka. Akamugonga mugongoni polepole na ngumi, Waridi akalia. Placide akanitoa nje. Nilipotoka, ndiyo Waridi akamuambia mukojo unamuwaka, unanuka, na uko kama maji ya kuosha mchele. Placide akanieleza ni figo. Mwanamuke wa mimba anapatwa upesi, zaidi kama hanywi maji na anazuia mukojo, na homa hiyo inaweza kutoa mimba. Sasa wanamuchoma sindano, homa imeanza kushuka.

Hemedi, kuna neno sijamuambia mutu. Siku ya kwanza pale lopitali Placide aliniuliza ugonjwa ulianza lini. Nilijibu jana. Kweli alikuwa ameumwa siku tano. Niliogopa ataniuliza kwa nini nilikawia, na baraza itatajwa. Ndiyo maana walimupa dawa ya malaria tu. Waridi alisikia uongo wangu. Alinitazama, meno inagongana kwa baridi, akamuambia Placide: ndiyo, jana. Alinifunika mimi, muzee wa mvi.

Nakaa mulangoni kwake kila siku. Ananiambia babu, nenda ukale. Sijapata mudomo wa kumuomba musamaha.

Mutume mama yake, Amisa, aje upesi. Kuna maulizo mutoto hawezi kujibu mbele ya babu. Na kama Amisa atataka kumutoa kwangu, sitabisha.

Nisalimie jirani wote, na uwaambie ukweli, usinipunguzie.

Ni mimi kaka yako, Alimasi. Alama ya kidole changu iko hapa chini.